Anwani Iliyo Chini ya Wayo

Kama kuna mtu aliyeamini kwamba anwani ya barua pepe ni mali yake kama pua yake, basi ni Sindano. Na ushahidi alikuwa nao: yake ilichongwa kwenye shaba.

Sindano si jina alilopewa na wazazi wake. Mumewe ndiye aliyembandika jina hilo, siku za mwanzo za ndoa, akadai ni kwa sababu ya kazi yake ya kushona ngozi. Yeyote aliyewahi kukaa na mama huyo kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai alijua kwamba ulimi nao ulichangia. Mume mwenyewe mtaa mzima ulimwita Kisigino, na hakukasirika hata mara moja, maana hasira hakuumbwa nayo.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, chenye dirisha pana na meza mbili zilizoelekeana. Hawakutengeneza viatu vya kila mpita njia. Walitengeneza vya watu ambao miguu yao haikuelewana, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Kisigino alipima, akachonga kalibu za mbao zenye umbo la mguu na kupandisha soli ya mguu uliopungua. Sindano alikata ngozi na kushona. Kisha, kabla soli ya ndani haijagundishwa, Sindano alipasha moto muhuri wa shaba na kuugandamiza juu ya ngozi mpaka ikatoa moshi. Ndani ya kila kiatu, pale wayo unapokanyaga, ilibaki anwani yao ya barua pepe, nyeusi na isiyofutika: mbele jina la Kisigino, nyuma jina la kampuni iliyowaletea intaneti.

Mambo hayo hayakuanza kwa bahati. Namba za simu walishabadilisha mara nyingi tu, na karakana ilishahama. Wateja wao walitoka mbali, wakaenda mbali zaidi, na kiatu cha namna ile kikiharibika huwezi kumpelekea fundi yeyote wa kando ya barabara. "Tuandike kitu kisichohama," Kisigino alisema, na wote wawili wakaafikiana kwamba barua pepe haihami, kwa kuwa haina miguu.

Katika viatu vyote vilivyotoka mle ndani, kulikuwa na jozi moja ambayo Kisigino hakuacha kuiwaza. Ilikuwa ya mtoto wa kike aliyeletwa na mama yake miaka michache nyuma, mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, mdomo mrefu kuliko yote miwili. Alichagua rangi ya ngozi. Alichagua kamba. Alimwambia Kisigino asimpigie nyundo karibu na masikio. Sindano, aliyezoea kuwa ndiye mwenye amri mle karakana, akacheka na kumwita Bosi, na mtoto akalipokea jina hilo kana kwamba amechelewa kupewa.

Mama yake Bosi alikuwa katika kuhama. Hakuwa na namba ya simu ya kudumu, hakujua hata wangefikia mtaa gani. Basi siku ya kuchukua viatu, Kisigino alipiga magoti mbele ya mtoto, akamfunga kamba mwenyewe.

"Vikianza kubana usivumilie," alimwambia. "Najua umezoea kuvumilia. Mimi sitaki. Mwambie mama aniandikie nami nitakutengenezea vingine, bure. Anwani iko hapa chini ya wayo wako. Unaikanyaga kila siku."

"Na nisipoandika?" Bosi akauliza.

"Utavivua, utachechemea, na kiuno kitapinda. Mimi sitalala."

Alisema kweli. Tangu siku ile, kila asubuhi Sindano alipofungua kompyuta yao iliyojaa vumbi la ngozi, sauti ilitoka meza ya pili: "Bosi kaandika?" Naye akajibu: "Bado." Kwa hesabu ya Kisigino, ambaye alijua miguu ya watoto inavyokua, viatu vile vilikuwa vimeshaanza kubana.

Sindano naye alikuwa na lake moyoni. Binti yao wa pekee aliishi nchi nyingine na alikuwa amejifungua. Mjukuu alikuwa akikutana na bibi yake kwenye kioo cha kompyuta tu, na intaneti ya ile kampuni ya zamani ilikuwa ya mwendo wa kinyonga. Mtoto angeanza kutabasamu, kisha angeganda mdomo wazi na jicho moja limefumbwa, kama mtu aliyepigwa picha akipiga chafya. Picha ikizinduka, tabasamu limeshapita. Sindano alikuwa na mjukuu ambaye hajawahi kumwona akicheka mpaka mwisho, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema.

Basi ilipopita kampuni mpya mtaani ikivuta nyaya zake za kasi, Sindano hakuhitaji kubembelezwa. Mafundi wakaja, wakatoboa ukuta, wakaondoka. Jioni hiyo hiyo binti akapiga, na mjukuu akatokea kwenye kioo, safi kabisa. Akacheka mwanzo hadi mwisho. Yalionekana meno mawili ya chini, membamba kama punje za mchele. Kisigino alisogeza kiti, akayatazama yale meno kwa miwani yake ya kazi, akasema, "Yamenyooka vizuri," kwa sauti ya mtu anayekagua mshono. Sindano akalia, kisha akamgombeza mumewe kwa kumwona analia.

Kesho yake, akiwa na furaha tele, alifanya kosa. Aliichomoa ruta ya zamani, akaipangusa kwa kitambaa chenye nta mpaka ikang'aa, kwa sababu hakuwa mtu wa kurudisha kitu cha watu kikiwa kichafu, akaipeleka ofisini kwa wenyewe. Akatia saini ya kuvunja mkataba, akashukuru, akarudi nyumbani akiimba. Kuhusu anwani hakuwaza chochote. Lile jina la kampuni lililokaa mwishoni aliliona kama chapa ya kiwanda kwenye sufuria: sufuria ni yako hata kiwanda kife. Na zaidi ya hayo, muhuri si ulikuwa pale juu ya rafu?

Asubuhi iliyofuata alifungua kompyuta ili aangalie barua. Kompyuta ikamkatalia. Akaandika neno la siri tena, polepole, kidole kimoja kimoja. Ikamkatalia tena. Akatoka uani na simu, mbali na masikio ya mumewe, akapiga huduma kwa wateja ya kampuni ya zamani.

"Anwani huenda na laini, mama," ilisema sauti upande wa pili. "Laini ikikatwa, na yenyewe inafungwa."

"Na mtu akiniandikia leo?"

"Barua itamrudia, na ujumbe kwamba anwani hiyo haipo."

Sindano alikata simu. Akamwona mama yake Bosi, mahali asipopajua, amekivua kiatu cha mtoto, anasoma yale maandishi meusi na kuandika. Akamwona akijibiwa: haipo.

Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka. Aliingia karakana, akasimama mbele ya meza ya mumewe. Kisigino alikuwa ameshika misumari kwa midomo, kama kawaida yake.

"Fundi, nimeharibu. Nimeikata laini ya zamani, nayo imekwenda na anwani. Barua zinazokuja zinarudishwa."

Kisigino aliitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaiweka mezani.

"Bosi akiandika ataambiwa hatupo?"

"Ataambiwa hatupo."

Akafikiri. "Viatu vipya si shida," alisema hatimaye. "Tutachonga muhuri mwingine. Ila vile vilivyokwishaondoka…" Akairudisha misumari mdomoni na kuanza kugonga, taratibu, pigo baada ya pigo. Sindano alitamani angemfokea. Miaka yote hiyo ya ndoa, hilo ndilo lililomshinda kwa mwanamume huyu: ukimkosea, hakupi hata neno moja la kujishikilia.

"Vaa shati," alimwambia. "Twende huko huko kwa wenyewe."

Ofisi ya kampuni ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja na kipoza hewa kilichodondosha maji kwenye ndoo. Walipofika dirishani, Kisigino alifungua kitambaa alichokuwa amekishika kifuani, akauweka muhuri wa shaba juu ya kaunta. Sindano hakujua kwamba ameubeba.

"Anwani hii ni yangu, binti," alimwambia karani, msichana mwenye sauti iliyokauka kwa kuongea kutwa. "Nilimlipa mchongaji."

Karani aliushika, akaugeuza, akasoma herufi zilizo kinyumenyume. Kuna waliokuwa nyuma kwenye foleni walioanza kuguna. Yeye hakuwajali.

"Muhuri ni wako, mzee," alisema kwa upole. "Ila anwani ni ya kampuni. Ninyi mlikuwa mnaitumia tu kwa kuwa mlikuwa wateja. Mmeipigia muhuri kwenye nini?"

Sindano akaeleza. Alieleza yote: miguu isiyoelewana, soli ya ndani, mtoto anayehama, ahadi. Alipofika penye kiuno kupinda, watu wa foleni walikuwa wamenyamaza.

"Mngetuuliza kabla ya kukata," karani alisema, "tungetenganisha. Laini inakwenda, anwani inabaki, mnailipia ada kidogo. Watu wengi hawajui. Sasa mkataba umeshavunjwa, sijui kama mfumo utanikubalia."

"Basi nirudishie ruta yangu," Sindano akasema. "Unganisha ile laini ya kinyonga kama ilivyokuwa. Hii mpya nitaikata leo leo."

"Hapana," alisema Kisigino.

Sindano akageuka. Neno hilo hakulisikia mara nyingi kutoka kwa mumewe, na kamwe si kwa sauti ile.

"Mjukuu ana meno," Kisigino alisema. "Sitaki uyakose. Kama ni kukosa, tukose hii."

"Meno hayana haraka! Mtoto wa watu anachechemea!"

"Nimesema hapana, mke wangu."

Walitazamana mbele ya kaunta, watu wazima waliokula chumvi nyingi, kila mmoja akimsukumia mwenzake kile alichokitaka kuliko vyote. Sindano alikuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu asubuhi, wala si kwa jambo hili. Akamtengeneza mumewe kola ya shati, kwa kuwa mikono ilihitaji la kufanya.

"Nipeni dakika," karani alisema, akainuka na kuingia mlango wa nyuma.

Alikawia. Aliporudi alikuwa na mkubwa wake, mwanamume mwenye miwani kichwani, ambaye alisoma jina la Sindano kwenye kioo, akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akakuna kidevu. Kisha akasema kwamba bahati yao ni moja: kisanduku cha barua kilikuwa kimefungwa, lakini hakijafutwa. Wangeweza kukifungua kikiwa peke yake, bila laini. Sindano atie saini, kwa kuwa mkataba ulikuwa kwa jina lake, na wasisahau kukifungua mara kwa mara, maana kisipotumika mfumo hukifuta wenyewe.

"Kitafunguliwa kila siku," Sindano alisema. "Hilo huna haja ya kuliwaza."

Karani aliwafundisha na jambo la pili, akiwaandikia hatua kwenye kipande cha karatasi. Wafungue anwani nyingine ya bure, isiyokuwa na jina la kampuni yoyote ya intaneti, waichongee muhuri mpya kwa viatu vya mbele. Ya zamani wailekeze huko, ili kila barua itakayoingia humo ijipeleke yenyewe kwenye mpya. "Hapo mnaweza kubadilisha kampuni kila mwezi mkipenda," alisema. "Anwani haiulizi nyaya ni za nani."

"Na barua zilizokuja jana na leo?" Kisigino akauliza.

Karani akatikisa kichwa. "Hizo zimeshawarudia wenyewe, mzee. Hatuna njia ya kujua."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Sindano aliitafuna sentensi hiyo. Zimeshawarudia wenyewe. Siku mbili si nyingi, alijiambia, lakini mtu anayeandika hahitaji zaidi ya dakika chache, na mama aliyejibiwa mara moja kwamba watu hawapo haandiki tena.

Aliwaandikia wateja wote ambao anwani zao alikuwa nazo, akawapa anwani mpya. Wengi wakajibu, wakatuma salamu na picha za miguu yao. Alimwendea mchongaji kwa ajili ya muhuri mpya. Alifanya yote yanayofanyika. Lakini kwa Bosi hakukuwa na la kufanya, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na anwani yao, wao hawakuwa na yake.

Na asubuhi zikawa kimya. Kwa siku kadhaa Sindano hakuelewa kinachomkosesha raha anapofungua kompyuta, mpaka akatambua: mumewe ameacha kuuliza. Alikuwa amekaa palepale mezani, anapiga msasa kalibu, anatazama dirishani, anakohoa kikohozi cha uongo. Alikuwa anamwonea huruma. Alilimeza swali lake lisije likamchoma mke wake.

Sindano hakuweza kulivumilia. "Uliza," alisema.

"Niulize nini?"

"Usijifanye. Uliza kama zamani."

Kisigino akaweka msasa chini. "Bosi kaandika?"

"Bado," alisema Sindano, na macho yakamjaa machozi. "Kesho uliza tena. Siku utakayoacha kuuliza nitajua umeninunia."

Akauliza kesho yake, na keshokutwa, na siku zilizofuata. Mjukuu akaota meno ya juu, akayaonyesha kwenye kioo. Muhuri mpya ukaja, herufi zake kali, ukaanza kazi. Msimu ukageuka, wateja wakawa wanaingia na viatu vyenye tope.

Siku barua ilipokuja, Sindano alikuwa ameshasema "Bado" na alikuwa anapitisha nta kwenye uzi. Kompyuta ikatoa mlio wake mdogo. Barua ilikuwa imepitia anwani ya zamani. Jina la mwandishi hakulijua. Akaisoma kimya mistari miwili, kisha akaketi.

"Fundi," alisema. "Sikiliza."

Akasoma kwa sauti:

"Habari zenu. Sijui kama bado mpo, anwani hii nimeisoma ndani ya kiatu. Mwanangu amepewa viatu hivi na jirani yetu. Vilikuwa vya binti yake, mtoto mmoja ambaye hapa kila mtu anamwita Bosi. Huyo binti alifanyiwa upasuaji wa kurefusha mguu, akakaa na vyuma muda mrefu, ndiyo maana viatu havijachakaa. Sasa miguu yake iko sawa, anavaa viatu vya kawaida, na kutwa anaruka kamba mlangoni kwetu mpaka tunamfukuza. Tatizo langu ni kwamba mwanangu mguu mfupi ni wa kulia, na viatu vyenu vimeinuliwa kushoto. Amevivaa hivyo hivyo, hataki kuvivua, anasema ni vizuri. Nimeona vinamwumiza. Tafadhali, kama mpo, nisaidieni."

Kisigino alivua miwani, akaipangusa kwa aproni, ikazidi kuchafuka.

"Rudia pale," alisema.

"Wapi?"

"Pale pa kamba."

Sindano akarudia. Mlangoni kwetu, mpaka tunamfukuza. Mumewe alicheka, cheko fupi, kisha mdomo ukamtetemeka. Sindano akajua yaliyokuwa yakipita ndani yake kana kwamba yeye ndiye aliyeshika ule uso mikononi. Ilikuwa furaha, furaha kubwa. Na chini yake kulikuwa na upweke mdogo wa mtu aliyekesha akimngoja mgonjwa ambaye alishapona zamani. Bosi hakuandika siku zile mbili wala siku nyingine yoyote. Hakuwa na sababu. Hakuwakumbuka, na ndivyo mtoto mzima anavyopaswa kuwa.

"Kumbe hakunihitaji," Kisigino alisema.

"Alikuhitaji mpaka hapo," alisema Sindano, na safari hii sauti yake haikuwa na ncha. "Ungependa aendelee kuchechemea ili akuandikie?"

"Mungu apishie mbali." Akavaa miwani. Akavuta kiti chake mpaka kwenye meza ya mke wake, jambo ambalo saa za kazi hakulifanya kamwe. "Andika. Mwambie tupo. Mtoto avue hivyo viatu leo hii, hata akilia. Amkanyagishe kwenye karatasi, miguu yote miwili, achore kuizunguka. Asimame wima, asikae. Wote huwa wanakaa. Na apime toka kiunoni hadi chini, kila upande, mara mbili. Mwambie hatutaki malipo."

Sindano aliandika, kidole kimoja kimoja, akitamka maneno. Alipomaliza alingoja, kwa kuwa alimjua mumewe na alijua kuna la ziada.

"Mwulize na…" Kisigino akaanza. Kisha akapunga mkono. "Basi. Acha. Itoshe hivyo."

Akainuka, akaenda kwenye rafu ya mbao kuchagua kipande kitakachofaa kalibu ya mtoto ambaye hajamwona. Sindano alimtazama mgongo, shati lake lenye vumbi, namna alivyokigonga kila kipande kwa kidole akisikiliza mlio wake. Akageukia kompyuta na kuongeza mstari mmoja ambao hakuusoma kwa sauti:

"Ukimwona Bosi akiruka, mwambie fundi wake anamsalimu. Hana haja ya kujibu."